Ukishikwa na hofu ya ghafla, kuvuta pumzi ndefu kunazidisha kizunguzungu. Kosa liko wapi?

Mwanamnazi
Wakuu, habari zenu. Kila mahali tunaambiwa mtu akishikwa na wasiwasi avute pumzi ndefu. Lakini wapo ambao wakifanya hivyo kizunguzungu kinazidi, midomo na vidole vinaingia ganzi, na hofu inapanda. Wanakosea wapi?

Pumzi_Taratibu
Mkuu, kosa liko kwenye hilo neno "avute". Mwenye hofu tayari anapumua kupita mahitaji. Oksijeni anayo tele. Kinachopungua ni hewa ukaa, maana anaipuliza nje haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikishuka kwenye damu, mishipa ya ubongo inasinyaa, ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi. Ganzi ya midomo na vidole nayo inatoka hapohapo. Ukimwambia avute zaidi, unamwongezea lilelile linalomsumbua.

Aanze kwa kutoa. Atoe taratibu hadi mabega yashuke, asikamue mapafu. Kisha aingize hewa puani kwa hesabu ya 4, kidogo tu, kama anayenusa asumini. Atoe kwa hesabu ya 6, midomo imebanwa kama anapoza chai bila kuimwaga. Hesabu moja ni sekunde moja, kwa hiyo zinatimia pumzi 6 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua 12 hadi 20. Akihisi kiu ya hewa, apunguze: 3 kuingiza, 4 kutoa. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni, tena siku ambazo hana hofu. Anayesubiri hofu ije ndipo ajifunze hataweza.

Kujua kama anapumulia tumboni: alale chali, akunje magoti, aweke pakiti ya sukari ya nusu kilo juu ya kitovu. Ipande akiingiza, ishuke akitoa. Ikitulia huku kifua ndicho kinachopanda, bado. Kwanza alegeze mkanda au kanga kiunoni, wengi hukwama hapo tu.

Binti_Mwendo
Naongeza. Kuna wasiwasi usiokubali kukaa. Adrenalini, homoni inayoandaa mwili kukimbia hatari, imejaa mwilini, miguu inataka kukimbia, halafu unamwambia mtu akae afumbe macho! Atembee. Hatua 3 akiingiza, 4 au 5 akitoa, kwa dakika 10.

Usiku, kukaza na kuachia misuli, njia ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani, inafaa sana. Kunja ngumi kwa sekunde 5, achia ghafla, kisha kaa sekunde 15 ukisikiliza mkono unavyolegea ndipo uhamie mabegani, usoni, tumboni, miguuni. Watu huharakisha hizo 15, na humo ndimo ilimo faida.

Kufumba macho si lazima. Aliyepitia ukatili au ajali, akifumba picha zinarudi. Ayaache wazi, akanyage sakafu kwa nyayo zote, ataje kimoyomoyo vitu 5 anavyoviona.

Mwanamnazi
Asanteni sana. Na ile ya kupumulia kwenye mfuko wa karatasi?

Pumzi_Taratibu
Hapana, asifanye. Kama kumbe ni pumu au moyo, mfuko unampunguzia oksijeni anayoihitaji. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya, kuzimia, sauti ya filimbi kifuani: hapo ni hospitali moja kwa moja. Na kama hali hii ndiyo kwanza imeanza, apimwe damu, sukari na tezi ya shingo.

Halafu wapo wanaohesabu pumzi kutwa nzima ili hofu isirudi. Hapo pumzi imegeuka hirizi. Kwa kawaida wimbi la hofu hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha hushuka lenyewe, hata usipohesabu. Akianza kukwepa daladala, soko au ibada, amwone mtaalamu wa afya ya akili. Watapanga namna ya kurudi kidogo kidogo: wiki hii kituo kimoja cha daladala, wiki ijayo viwili.