Magugumaji Ghuba ya Mwanza: modeli inayachanganya na mafunjo

Muulizaji: Wakuu, naainisha magugumaji ya Ziwa Victoria kwa picha za satelaiti ya Sentinel-2, lakini modeli (programu ya kompyuta inayojifunza kuyatambua) inayachanganya na mafunjo ya ufukweni. Nirekebishe wapi?

Jibu 1: Mkuu, picha ya siku moja haitoshi. Yote ni majani mabichi, mwanga yanaurudisha karibu sawa. Linganisha tarehe kadhaa: mafunjo yenye mizizi hubaki palepale, magugumaji husukumwa na upepo.

Ndiyo maana pointi za GPS za kuifundisha modeli, yaani mahali ulipoyaona magugu mwenyewe, zichukuliwe siku ileile satelaiti inapopita. Ukichelewa, gugu limeshahama, unaifundisha modeli kuita maji matupu magugu. Pikseli (nukta moja ya picha) ndogo kabisa ni mita 10. Pima mafungu yenye upana wa mita 30 kwenda juu, ili pikseli nzima iangukie ndani ya magugu.

Jibu 2: Naongezea: pointi za majaribio, za kupima usahihi wa modeli, usizichague kiholela katikati ya zile za kuifundisha. Zilizo jirani hufanana, usahihi unapanda kwa uongo. Tenga eneo zima la ghuba, mfano Nyegezi, kwa majaribio tu.

Muulizaji: Asanteni, kweli nilichanganya pointi za kufundishia na za majaribio.