MJADALA: Kodi ya miezi sita ndiyo inayotubananisha vyumbani

Wadau, salaam. Vijiweni nasikia kila siku kwamba watu wa Mbagala, Tandale na Manzese hapa Dar es Salaam wanalala sita chumba kimoja kwa sababu wanazaa bila mpango, au wamegoma kurudi kijijini kulima. Sikubaliani hata kidogo: kinachotubana ni kodi ya chumba kudaiwa miezi sita mbele. Naomba tubishane kwa hoja.

Mimi ni mpangaji Mbagala, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Kaya sita, choo kimoja. Chumba cha jirani yangu kina baba, mama, watoto watatu na mdogo wake baba aliyekuja kutafuta maisha. Kitanda kimezungushiwa pazia. Chini ni mkeka, ndoo za maji na jiko la mkaa. Mama akitoka usiku na mtoto, anamruka shemeji yake aliyelala mlangoni.

Huyo kijana hakukosa kazi. Anabeba mizigo sokoni, na chumba cha 50,000 kwa mwezi anakimudu. Kinachomshinda ni 300,000 ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake 50,000 ya dalali. Laki tatu na nusu kabla hajanunua godoro! Akifikisha laki moja, unaingia msiba au homa, anaanza upya. Mwaka wa pili huu yuko pale pale mlangoni.

Na si yeye tu. Familia inaingia chumba kimoja na mtoto mchanga, miaka inakwenda, binti anafika 13 analala pembeni ya kaka zake, maana kuhamia chumba na sebule ni kutafuta mkupuo mwingine mkubwa zaidi. Ndiyo maana wavulana wetu wanapelekwa kulala kwa jirani. Mzazi gani anapenda hivyo?

Hata ubovu wa nyumba unatokana na hapo. Hela yangu ya miezi sita ikishakuwa kwa mwenye nyumba, nitamshikia nini? Choo kimejaa, tunasubiri mvua kubwa kitapishwe, maji yale yanapita mbele ya milango ya watu. Nikisema, najibiwa kodi ikiisha nihame. Kipindupindu cha mwaka 2015 kiliingia mitaa ya namna hii, na bado tunaishi vile vile.

Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaachiwa wapatane, ila mmoja ana ufunguo na mwingine ana begi mkononi. Huku jiji limetoka watu 4,364,541 katika sensa ya 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022. Ghorofa za Magomeni Kota zilizozinduliwa Machi 2022 ni nzuri, nimeziona, lakini ni za kaya 644. Sisi wengine makazi yetu ni vyumba hivi vya watu binafsi, na vitaendelea kuwa hivi kwa muda mrefu.

Ninachopendekeza: sheria iweke ukomo wa kulipa mbele, mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja, na mkataba uandikishwe serikali ya mtaa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mama mmoja mwenye nyumba kaeleza kwamba kodi ya miezi sita ndiyo iliyomwezekea bati, na kwamba amewahi kukimbiwa na mpangaji aliyemwachia deni la umeme na mlango uliovunjwa. Mama yangu, hilo ni kweli na limenigusa. Wengi wenu mlijenga tofali kwa tofali bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo benki yenu. Sitaki mnyang'anywe. Ndiyo sababu nikataja amana na mkataba, ili mpangaji mkorofi ajulikane alikotoka.

Mwingine kasema Nairobi watu hulipa mwezi kwa mwezi na bado mtaa wao wa mabanda wa Mathare wamebanana. Sawa, hapo kanishika. Kulipa kwa mwezi hakuongezi chumba hata kimoja, na viwanja vilivyopimwa vyenye maji bado tunavihitaji. Lakini yule kijana wa mlangoni hasubiri kiwanja. Vyumba viwili mtaani kwetu viko wazi tangu mwezi jana, dalali anavitembeza, na yeye anavipita kila asubuhi akienda sokoni.

Sasa swali langu kwa wenye nyumba, na nauliza kwa heshima: amana ya kiasi gani ingekutosha umpe ufunguo kijana kama huyu, akulipe kila mwisho wa mwezi?