Naomba ushauri: kabati la mninga Isamilo, nauziwa kama la Mjerumani

DadaNyamanoro (mleta uzi)
Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri maana nimepewa mpaka jumamosi tu. Kuna familia huku Isamilo, Mwanza, wanahama nyumba ya marehemu baba yao wanauza vitu, sasa kuna kabati moja limenikaa moyoni, chini lina droo tatu pana juu milango miwili ya kioo, zito kweli, rangi kahawia inaelekea wekundu. Kijana wa pale anasema ni mninga na liliachwa na Mjerumani kabla ya vita ya kwanza, eti lina miaka zaidi ya 110, anataka milioni mbili na laki nane. Dalali naye kila siku ananipigia kwamba kuna mtu wa hoteli analitaka. Mimi nina milioni moja na nusu ambayo nimeidunduliza mwaka mzima kwa ajili ya sebule, nikikosea hapa sina nyingine. Nimesoma mtandaoni kwamba ukikuta jointi za mkono na alama za msumeno zilizonyooka basi hiyo ni ya kale, na kweli nimevuta droo nikaona yale meno ya kwenye kona hayalingani, moja nene moja jembamba. Je hiyo inatosha? Na bei ikoje?

FundiRanda_Buzuruga
Dada haitoshi kabisa, na hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Hayo maelezo ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, kule mashine ziliingia viwandani mapema kwa hiyo kazi ya mkono inakuonyesha ni zamani. Huku kwetu mimi mwenyewe wiki iliyopita nimekata meno ya droo kwa patasi na msumeno wa mkono, na yangu pia hayalingani. Mbao za porini nyingine mpaka leo zinapasuliwa na watu wawili na msumeno mrefu, zinatoka na mistari iliyonyooka vilevile. Kwa hiyo jointi ya mkono Mwanza inakuambia ni fundi gani, haikuambii ni mwaka gani.

Angalia kilichochakaa. Toa droo igeuze juu chini. Droo iliyovutwa miaka sitini, ule ukingo wa chini unaosugua unakuwa umelika, umetengeneza kama bonde, na ndani ya kabati pale inapopita nako kumelika kwa kulingana. Kama droo imelika na njia yake ni mpya basi mojawapo imebadilishwa. Halafu mbao ya ndani isiyopakwa kitu, inatakiwa iwe imefifia na kuwa na rangi ya vumbi la chai, na isiwe sawasawa, pale hewa inapofika ni nyeusi zaidi kuliko pale palipojificha. Mtu akipaka rangi kuzeesha, inakuwa sawa kila mahali mpaka kwenye kona ambako mkono wa mtu haujawahi kufika. Hilo likikukuta ondoka.

Mzinza wa Sengerema
Angalia na skrubu mkuu. Skrubu za nyota zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930 kwahiyo ukiikuta kwenye kabati la "Mjerumani" uliza maswali.

FundiRanda_Buzuruga
Ni kweli ila skrubu zinabadilishwa, bawaba ikilegea fundi anaweka aliyonayo. Ichomoe moja uangalie tundu. Kama hakuna tundu la zamani pembeni wala kivuli cha bawaba nyingine, huenda hiyo skrubu ndiyo ya kwanza kuingia hapo na umri wa kabati unaanzia hapo.

BabuMkongo
Mwanangu marahaba. Nimenunua na kuuza vitu vya zamani kanda hii ya ziwa tangu niko kijana, nisikilize taratibu. Hilo neno Mjerumani linauza kila kitu Mwanza, hata stuli. Waingereza waliuchukua mji huu Julai 1916, kwa hiyo kitu cha Mjerumani lazima kiwe kabla ya hapo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kabla ya hapo mzigo mkubwa ulishushwa Mombasa, ukapanda reli mpaka Kisumu iliyofikiwa 1901, ukavuka ziwa kwa meli ya mvuke. Sasa jiulize, nani angebeba kabati zito njia yote hiyo, na kama angelibeba lingekuwa la mbao ya kwao, mwaloni au paini ya Ulaya. Mninga hautoki Ujerumani. Mninga maana yake limetengenezwa huku, na fundi wa misheni, au fundi wa Kihindi, au mwenyeji aliyefundishwa nao. Na kazi hiyo haikuisha Wajerumani walipoondoka, makabati mengi ya mninga niliyoyashika mimi ni ya wakati wa Mwingereza na baada ya Uhuru. Hiyo siyo aibu kwa kabati. Lakini wauzaji wa kitu cha kale wanahesabu kuanzia miaka 100, na wewe unatozwa bei ya hiyo miaka.

Bukoba_Kwetu
Samahani kuuliza, una uhakika ni mninga? Kwetu Kagera mvule ulikuwa ndio mbao ya heshima na ukizeeka unakuwa kahawia mtu anachanganya. Mninga una mistari ya wekundu. Mvule mwanzo ni wa njano njano halafu unaiva kwa mwanga, na fundi akiukata anapiga chafya siku nzima, saa nyingine anakutana na jiwe ndani linavunja meno ya msumeno. Angalia ndani ya droo ambapo jua halijafika.

DadaNyamanoro
Asanteni sana jamani, wabeja. Nimerudi jana na tochi ya simu na futi kamba, kijana alinuna ila mama yake aliniruhusu nichungulie. Majibu haya: ndani ya droo kuna mistari ya wekundu kwahiyo nadhani ni mninga. Chini ya droo kumelika kweli, droo ya juu kabisa ndio imelika zaidi, na njia yake pia. Ndani kuna gazeti limebandikwa, Tanganyika Standard, tarehe imechanika. Kitasa cha droo kimeandikwa Made in England. Lakini ile sehemu ya juu yenye vioo mgongo wake ni plaiwudi na skrubu zote za nyota, na nikipima, ya juu ni fupi kwa upana sentimita nne kuliko ya chini, kuna kipande cha mbao kimepigiliwa kuziba. Na kuna vitundu vidogo vidogo mguu wa nyuma.

BabuMkongo
Hapo umefanya kazi nzuri kuliko dalali wote. Mwanangu hayo ni makabati mawili. La chini lilizaliwa peke yake na la juu limeletwa kuolewa. Kagua juu ya hilo la chini, pale lilipofunikwa, kama pamepigwa msasa na kupakwa vanishi vizuri kama uso mwingine basi lilikuwa meza ya droo inayoonekana juu, maana hakuna fundi anapoteza polishi mahali ambapo hapataonekana.

Gazeti lile lilianza 1930 kwahiyo halimsaidii kijana na Mjerumani wake. Linakuambia tu kwamba siku lilipobandikwa droo ilikuwepo, na hata hilo ni kama lilibandikwa likiwa jipya. Kitasa cha Uingereza, mninga, gazeti, na kulika kule, mimi ningesema wakati wa Mwingereza, miaka ya 30 mpaka 50. Sijaliona kwa macho lakini ndiko ninakoegemea.

FundiRanda_Buzuruga
Vitundu ndio muhimu sasa hivi. Weka karatasi nyeupe chini ya ule mguu, gonga kidogo kwa kiganja, iache usiku kucha. Asubuhi ukikuta unga mweupe mweupe mpya, wadudu wako kazini na watahamia kwenye vitu vyako vingine. Ukikosa unga na matundu yana giza ndani, wameshaondoka. Pia chomeka sindano, tundu la mdudu linapinda, likiwa limenyooka kama bomba mtu katoboa kwa keekee kuzeesha. Bonyeza mbao kwa kucha hapo, ikibonyea mguu umeisha.

Bei: usilipie hadithi. La chini lipe thamani ya mninga mzuri uliokauka, ambao siku hizi dukani huupati, na kazi nzuri ya fundi. La juu lihesabu kama kabati la kawaida la mtumba. Nikijumlisha mimi sivuki milioni moja na laki tatu.

Kirumba Ziwani
Kuna mtu alisema hoteli. Wa hoteli wanajali sura, hawalipi kwa ajili ya mwaka, usimwogope huyo mnunuzi wa dalali. Halafu kwa yeyote anayewaza milango ya kuchonga, kuweni makini, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inailinda ile iliyochongwa kabla ya 1940, usiipeleke nje ya nchi bila kibali.

DadaNyamanoro
Wakuu mrejesho. Karatasi ilikaa usiku ikabaki safi, sindano ikapinda. Juu ya lile la chini pamepakwa vanishi kama babu alivyosema, tena kuna alama ya duara ya glasi, nilipoiona nilifurahi kama mtoto. Nilimweleza mama yule kila kitu mbele ya kijana wake bila kumvunjia heshima, akakaa kimya halafu akasema mume wake alilinunua mnadani miaka ya sabini na ile ya juu waliongeza wenyewe kwa ajili ya vyombo. Hadithi ya Mjerumani ni ya dalali. Tumemaliza milioni moja na laki mbili na nusu, vyote viwili. Sasa fundi, nipige msasa lote liwe jipya?

FundiRanda_Buzuruga
Usiguse na msasa dada nakuomba. Ile rangi ya juu imechukua miaka kuja, ukiitoa inabaki mbao tu kama yangu ya karakana. Futa na kitambaa chenye unyevu kidogo. Chukua pamba yenye spiriti ujaribu nyuma mahali pasipoonekana, ikinata na kuyeyuka hiyo ni polishi ya zamani, usiipake vanishi ya kisasa juu yake. Ukifungua skrubu yoyote usitupe, iweke kwenye mfuko na uandike imetoka wapi. Weka mbali na ukuta unaovuta unyevu. Droo zikikaza wakati wa masika usizirande, zikikauka zitarudi zenyewe. Sugua tu mshumaa kwenye njia zake.

DadaNyamanoro
Mshumaa ninao. Kirikuu inalifuata leo saa kumi, nimemwambia dereva alete magodoro mawili ya kulikinga na vioo vishuke kwanza. Gazeti nalibakiza humohumo ndani.