Mark X, Atenza au Camry haibridi: waliokaa nazo miaka waseme

Nahodha_K
Wakuu, habari zenu. Nimetumia kigari cha 1.3 miaka saba, sasa watoto wamerefuka na magoti yao nayasikia mgongoni. Nataka sedani ya ukubwa wa kati, mtumba, ya kati ya 2012 na 2015. Nimepembua hadi zimebaki tatu: Toyota Mark X ya 2.5, Mazda Atenza ya petroli ya 2.0, na Toyota Camry haibridi ya 2.5, yaani yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Siku za kazi nakaa kwenye foleni saa moja na nusu hivi. Kila mwisho wa mwezi nasafiri kilomita 400, kwenda na kurudi, watu watano na mizigo. Sifa za kwenye matangazo nimeshazisoma zote. Naomba aliyekaa na gari zaidi ya miaka miwili anieleze limemlea vipi.

Mwendo_Laini
Mkuu, Mark X ninayo mwaka wa nne, ile ya kizazi cha pili iliyotoka 2009. Nianze na kilichonifunga kwake: inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukikanyaga mafuta stelingi haivutwi hata kidogo. Injini ni V6, giaboksi ya gia sita, na ukiwa mwendo wa safari huisikii. Kwenye safari ndefu nashuka sina uchovu.

Upande wa pili wa shilingi ni foleni. Mimi napata kilomita 7 hadi 8 kwa lita mjini, barabara kuu 11 hadi 12. Na iko chini. Ukijaza watu watano na buti, matuta uyapande kwa mshazari na kwa subira. Halafu ujue kwamba injini ya 2.5 hupigiwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwenye injini za aina hiyo petroli haiogeshi tena valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo masizi hujijenga pale polepole. Mimi nilisafishiwa kwenye kilomita 110,000 na mngurumo ukatulia. Tenga bajeti ya kazi hiyo mapema, maana inatumia muda wa fundi.

Mama_Wawili
Kaka Nahodha, mimi nina Atenza ya 2013, 2.0 ya petroli, miaka mitatu na nusu. Kwa mtu wa watoto, kiti cha nyuma ndicho kilichoniuzia gari. Ila pima geti na maegesho yako kwanza, nakusihi. Lina urefu wa mita 4.86 na upana wa mita 1.84. Mark X ni mita 4.7 na kidogo tu, na Camry ya 2013 ni 4.825. Nilipolileta nyumbani ndipo nilipogundua milango ya upande mmoja haifunguki vizuri nikiegesha pale nilipozoea.

Giaboksi yake ni ya gia sita za kawaida, si CVT (ile isiyo na gia za hatua), na hushika haraka sana ukianza kuondoka. Hilo nalipenda mno. Mafuta: mjini 10 au 11 kwa lita, safari 15 nikiwa mpole. Injini hizi zina mgandamizo mkubwa, hivyo usiweke petroli ya kubahatisha. Plagi na kichujio cha hewa mimi sivicheleweshi.

Muuzaji akikupeleka kwenye ile ya dizeli ya 2.2, fikiria foleni yako. Dizeli ya kisasa ina kichujio cha masizi ambacho hujichoma kikipata mwendo mrefu wenye joto. Safari za dakika ishirini ishirini hazikipi nafasi hiyo, na kikiziba gari hupoteza nguvu.

Nahodha_K
Ahsante sana dada. Geti nitalipima leo leo. Kuna aliyekaa na haibridi? Hiyo ndiyo inayoniogopesha, kila mtu ananitajia betri.

Mzee_Kitabu
Mwanangu, mimi nina Camry haibridi, mwaka wa sita huu. Nieleze kwa kirefu kidogo, maana wanaotisha watu juu ya betri wengi hawajawahi kulimiliki.

Betri kubwa ni ya nikeli, volti 244.8, imekaa nyuma ya kiti cha nyuma. Ndiyo maana buti lake ni fupi kuliko la Camry ya kawaida, na kwa mizigo ya watu watano utaliona hilo mapema. Betri hiyo hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari, kupitia tundu lililo eneo la kiti cha nyuma. Nami nilikosea hapo. Nilizoea kubeba mablanketi na mito nyuma, vumbi la nyuzi likajaza feni, na siku moja ya jua kali taa ya onyo ikawaka katikati ya safari. Nilidhani betri imekwisha. Fundi akafungua, akasafisha feni, akapima, betri ikawa nzima. Tangu siku hiyo naisafisha kila mwaka na tundu halifunikwi na kitu chochote nyumbani kwangu.

Kwenye foleni, injini yenyewe huzima na gari likajongea kwa umeme. Napata 16 hadi 18 kwa lita, na mjini hushinda safari, kinyume cha magari mengine. Pedi za breki nimebadili mara moja tu miaka yote, kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Na usidhani ni la kizee. Injini na mota kwa pamoja hutoa nguvu za farasi kama 200, karibu sawa na Mark X ya 2.5.

Fundi_Taratibu
Shikamoo Mzee Kitabu, umesema yote ya msingi. Niongeze mambo ya karakana.

Watu huiona imeandikwa CVT wakaikimbia Camry haibridi. Ndani yake hamna ule mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Ni gia za sayari na mota mbili za umeme. Haina stata wala oltaneta ya kawaida, vitu viwili ambavyo kwenye magari ya umri huo huwa nabadilisha sana. Ila inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, ina kulanti (maji ya kupozea) yake peke yake, ikague. Na nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na fundi asiyejua kukata umeme mkubwa kwanza. Zinaua.

Nahodha, ukienda kukagua, nenda injini ikiwa baridi. Soma tarehe kwenye lebo za mikanda ya viti na alama za kioo kimoja kimoja. Kioo chenye mwaka tofauti na vingine kimebadilishwa, uliza kwa nini. Kama limetoka Japani dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kabla ya kuuzwa kule. Alama R au RA maana yake limegongwa likatengenezwa. Odometa ikisema 60,000 huku raba ya pedali imelika na stelingi imeng'aa kama imepakwa mafuta, amini pedali.

Na usisahau mifuko ya hewa ya Takata. Mamilioni ya magari ya makampuni mengi yaliitwa kurudishwa kwa sababu kile kilipuzi cha kuujaza mfuko huharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa. Hata kama gari ni zuri namna gani, hili usiliache.

Sauti_ya_Injini
Kwa uchungu nilionao niseme moja. Sedani yangu iliyopita, sitaitaja jina, ilikuwa na CVT ya mkanda. Nilinunua haraka kwa sababu ilikuwa inang'aa. Miezi mitano baadaye ikaanza kutetemeka kwenye mlima, kisha injini inapiga kelele gari halisogei. Giaboksi ilipofunguliwa ikajulikana mmiliki wa kwanza aliwahi kujaza oili ya giaboksi ya kawaida. CVT inataka oili yake, ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, si nyingine. Nilibadili giaboksi nzima. Sasa nina Mark X na nimetulia, lakini niliichagua baada ya kusoma risiti za huduma za miaka sita mfululizo. Rangi nilikuja kuiangalia mwisho.

Mwendo_Laini
Hapo Sauti umenigusa. Nahodha, Mark X naipenda, ila kwa saa moja na nusu ya foleni kila siku sitakudanganya, chukua ya mzee.

Nahodha_K
Wakuu, wiki mbili zimepita, narudi na mrejesho. Atenza imeondoka kwenye orodha, geti langu limekataa. Mark X niliyoikagua ilikuwa nzuri kwa macho, lakini kioo cha mlango wa nyuma kushoto ni cha miaka minne baadaye na muuzaji hana karatasi ya mnada, amekasirika nilipoomba. Camry ya 2013 ina kilomita 98,000 na kitabu chenye mihuri yote. Namba ya chesisi nimeingiza, gari haliitwi kurudishwa. Nilipofungua tundu la feni nikakuta nyuzi na nywele za mbwa. Muuzaji amekubali fundi wangu apime betri moduli moja moja (vile vipande vinavyounda betri kubwa) Jumamosi kabla sijalipa hata senti. Mzee Kitabu, shikamoo. Moduli zikipishana volti kiasi gani niondoke?

Mzee_Kitabu
Marahaba mwanangu. Fundi asipime gari likiwa limelala. Mwambie apime ukiwa unapanda mlima na ukiwa unashuka, akitazama kama kuna moduli ambayo volti yake inaanguka peke yake huku za wenzake zimetulia. Ikiwepo hata moja ya namna hiyo, usilipe. Na leta picha ya hiyo feni, niilinganishe na yangu.