Mtoto anaimba alfabeti yote ya Kiingereza, lakini herufi hazitambui

Mama Sabra, Morogoro
Wazazi na walimu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 4 na nusu, na Januari ataanza chekechea katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo nimeamua kumwanzishia alfabeti nyumbani. Wimbo aliushika kwa siku tatu, anauimba kutoka A hadi Z bila kukwama, ila nikimwonyesha M peke yake ananyamaza, mpaka auanze wimbo upya huku akifuata kwa kidole. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba dada yake alikwisha kumfundisha irabu za Kiswahili, na juzi alipoliona neno "maji" kwenye chupa alilisoma "meijai". Je, niache Kiingereza kwanza?

Mwalimu wa Chekechea
Mama Sabra, usimkaripie, kwa sababu kosa hilo lina akili ndani yake: ametumia majina ya herufi mahali pa sauti zake. Katika Kiswahili jina la irabu na sauti yake ni kitu kimoja, a ni a popote uikutapo, lakini Mwingereza huiita A "ei", huiita E "ii", ambayo kwa sikio la mtoto wetu ndiyo i yenyewe, kisha I huiita "ai". Herufi hizo tatu huwasumbua watoto wetu kuliko 23 zilizobaki. Anza na sauti, si majina, na uanze na konsonanti ambazo lugha zote mbili huzitumia kwa namna inayokaribiana, kama m, s, t, n na b, kwa kuwa hapo hatakuwa na jambo la kusahau. Irabu za Kiingereza zisubiri. Wimbo usiuzuie, ila ukate vipande, maana watoto wengi huziunganisha L, M, N, O na P zikawa neno moja, "elemenopii", wasijue kwamba wametaja herufi tano.

Baba Wawili, Mombasa
Nakubaliana na mwalimu, ingawa mimi nilikwenda mbali zaidi: kifungua mimba wangu nilimwacha asome silabi za Kiswahili hadi akaweza kusoma majina ya maduka mtaani, ndipo nikaleta Kiingereza, na sikuona hasara yoyote. Kwa huyu wa pili, aliye PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea huku Kenya, sikuwa na muda huo. Dada yangu, angalia pia katuni anazotazama, kwa sababu za Kimarekani husema "zii" ilhali mwalimu wake atasema "zed". Wangu alibishana na mwalimu wiki nzima. Jambo jingine ni kwamba herufi za kuchezea zinazouzwa madukani mara nyingi ni kubwa tupu, ilhali vitabuni atakutana zaidi na ndogo, na huko ndiko b na d zinakomchanganya.

Mama Sabra, Morogoro
Nawashukuru sana. Tangu Jumatatu nimekuwa nikitandaza unga wa sembe kwenye sinia, naye anachora herufi kwa kidole huku akitoa sauti yake, dakika kumi tu kabla ya kuoga. Jana alichora m, akasema "mmm", kisha akaniuliza kwa nini neno "mama" linazo mbili. Nimebaki na swali moja: Q na X, ambazo katika maneno ya Kiswahili hatuzitumii, nitazipitiaje?

Mwalimu wa Chekechea
Ziache za mwisho kabisa. X haina ugumu, kwa sababu sauti yake anaitamka kila anaposema "boksi" au "teksi", kwa hiyo mwambie kwamba Waingereza huziandika k na s hizo kwa herufi moja. Q mfundishe pamoja na u, kwa kuwa katika maneno ya Kiingereza atakayokutana nayo utotoni mbili hizo hazitengani, na sauti yake ni ile ya mwanzo wa "kwetu".