Naanza kurusha droni ndogo ya kamera: nianzie wapi?

Mgeni_Anga (Tanga)
Wakuu habari zenu. Nina droni ya gramu 249, ina GPS na kamera, betri mbili. Lengo ni picha za ufukweni, ila kwanza nijue kuirusha sawasawa. Nianze na mazoezi gani? Kwa nini ndani ya nyumba inasogea yenyewe hata nisipogusa vijiti? Na hii ya kurudi nyumbani yenyewe, niitegemee kiasi gani?

FundiPangaboi
Karibu mkuu. Chini ya bati au zege GPS haipati setilaiti za kutosha, kwa hiyo droni inategemea kamera ndogo ya tumboni inayoangalia sakafu. Kamera hiyo inataka mwanga na sakafu yenye alama. Vigae vyeupe vinavyong'aa haviipi cha kushika, na upepo wa mapangaboi ya droni yenyewe unagonga kuta na kurudi kuisukuma. Si ubovu. Nenda kiwanja cha mpira kisicho na watu, asubuhi kabla upepo haujaamka.

Iweke mahali tambarare, mbali na magari, mabati na zege lenye nondo, maana chuma huivuruga dira. Programu ikidai dira isawazishwe, hama kwanza mita 15 hivi. Ukisawazisha juu ya nondo, kosa unaliweka mwenyewe ndani.

Ipandishe mita 3, mkia ukikuelekea. Ikiwa chini ya mita moja, hewa inayorudi kutoka ardhini huitikisa. Kijiti cha kushoto kinapandisha, kinashusha na kuizungusha. Cha kulia kinaipeleka mbele, nyuma na pembeni. Chora mraba wa mita 10 kila upande bila kuizungusha. Kisha igeuze pua ikuangalie, urudie mraba ule ule. Wengi hugonga mti hapa, kwa sababu kulia kwa droni sasa ni kushoto kwako, na mtu akishtuka mkono husukuma upande usio wenyewe. Ukichanganyikiwa achia vijiti vyote viwili. Itasimama hewani, upate kufikiri. Kamera usiiguse mpaka mraba huu utoke bila kusita.

Kusi_na_Kaskazi
Nijazie kwenye kurudi nyumbani. Ni ya kuaminika ukijua inafanya nini: inapanda wima hadi kimo ulichoweka, inanyoosha mstari kuelekea ilikopaa, inashuka. Mini 2 na Mini 3 za DJI, kwa mfano, hazina vihisi vya mbele vya kuona vizuizi, zina vya chini tu. Mnazi ukiwa njiani itaugonga. Minazi mirefu hufika karibu mita 30, kwa hiyo weka 50, na minara ya simu ikague kwa macho kabla ya kupaa.

"Nyumbani" ni nukta iliyorekodiwa GPS ilipotulia. Ukipaa kwa haraka, nukta inaweza kurekodiwa droni ikiwa tayari juu ya maji. Subiri programu itangaze. Ukirusha kutoka mtumbwini ni hatari zaidi: nukta inabaki pale ulipopaa, na wewe umeshasogezwa na mkondo.

Sasa upepo, ndio unaozamisha droni ufukweni. Asubuhi na mapema upepo wa umande hutoka nchi kavu. Droni inakwenda baharini kwa wepesi na kurudi ikipigana. Betri iliyotumika asilimia 20 kwenda inaweza kudai 40 kurudi. Siku zote anza kwa kwenda upepo unakotoka. Majani na vitawi vidogo vikitikisika mfululizo, ni kama mita 4 hadi 5 kwa sekunde, na anayejifunza aishie hapo. Vumbi na karatasi zikianza kupeperuka, funga mkoba. Mini 3 imeandikiwa kuhimili mita 10.7 kwa sekunde, lakini kuhimili si kurudi.

Ukiona inarudi kwa kusuasua, usiiache ipambane huko juu. Upepo wa juu una nguvu kuliko wa chini, na kurudi nyumbani kunaipandisha humo humo. Zima huduma hiyo, ishushe hadi mita 15 kama hakuna kizuizi, weka mwendo wa Sport, yaani ule wa kasi zaidi, iendeshe kwa mkono. Anza safari ya kurudi betri ikiwa asilimia 40. Tua kabla ya 25.

Mgeni_Anga
Asanteni sana wakuu. Betri nizitunzeje? Na kibali?

FundiPangaboi
Betri iliyotoka kurushwa iache ipoe kabla ya kuichaji. Ukiiweka zaidi ya wiki, iache na nusu ya chaji. Ikivimba, hata kidogo, usiirushe tena. Mapangaboi yako aina mbili: yenye alama huingia kwenye mikono yenye alama. Ukiyachanganya inapinduka pale pale inapojaribu kupaa. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo wa ukingo, badilisha jozi nzima pamoja na skrubu zake.

Kibali nenda TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kurusha. Usidhani gramu 249 zinakusamehe. Msamaha unaosikika mitandaoni ni wa usajili wa Marekani, kwa wanaorusha kwa burudani. Na Tanga uwanja wa ndege uko karibu na mji, kwa hiyo waoneshe kabisa eneo unalotaka kurushia.