USHAURI: Kampuni inataka milioni 6 kwa mwezi ituwekee gari la zimamoto mjini. Tusaini?

Katibu_wa_Yadi:
Kamwene wakuu.

Niko kamji kamoja ka mbao kando ya barabara ya Tanzam, upande wa Mufindi. Jina la mji nalihifadhi maana nusu ya wanaobishana wamo humu humu. Mimi ni katibu wa umoja wa wenye yadi na maduka.

Gari la zimamoto la karibu liko mbali kidogo na sisi, na kiangazi cha huku upepo wake mnaujua. Msimu uliopita yadi moja ilishika usiku, shoti kwenye mota. Tukaizima kwa ndoo na boza la mkandarasi wa barabara aliyekuwa anapita. Bahati tu.

Sasa imekuja kampuni binafsi na pendekezo: gari moja la lita 5,000, vijana wa zamu usiku na mchana, mkataba wa miaka mitatu, milioni 6 kwa mwezi na dizeli juu yetu. Kikao kimegawanyika vibaya. Wenye maduka wanasema moto ni wa wauza mbao, wajilipie. Wenye yadi wanajibu kwamba ukiwaka hauulizi nani anauza slipa za mbao na nani anauza vitenge. Kuna mzee mmoja kila kikao anasimama na risiti yake ya ukaguzi wa zimamoto: "Hii nilimlipa nani?" Diwani naye anasema halmashauri haina fungu.

Naomba mawazo, hasa ya waliofanya kazi hizi. Natanguliza shukrani.

Slipa_Mbili:
72m kwa mwaka, 216m kwa mkataba mzima, halafu gari linabaki lao? Mkuu, hapo mnapigwa mchana kweupe. Tafuteni gari la mtumba, ajirini vijana wenu.

Dogo_wa_Makambako:
Weka picha ya gari kwanza tuone kama linawaka.

ZM_Mstaafu:
Katibu, nimekula mshahara wa zimamoto miaka mingi, sikiliza.

Kwanza risiti ya mzee. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri, mnadaiana na mkurugenzi wenu. Baada ya Sheria Na. 14 ya 2007 likawa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Hela ya ukaguzi ni ya kukaguliwa jengo lako, haikuwekei gari mlangoni. Ila moto ukitokea mnapiga 114 na wanaowajia hawawadai. Kwa hiyo mkisaini na kampuni, 114 inapigwa vilevile, tena dakika ya kwanza, si baada ya kampuni kushindwa. Na kabla ya kusaini nendeni kwa kamanda wa mkoa muulize hiyo kampuni anaitambua na vijana wamefunzwa wapi.

Pili, hizo lita 5,000 zisiwababaishe. Mpira mmoja ukifunguliwa sawasawa unakula lita 400 na ushee kwa dakika. Piga hesabu: robo saa haifiki, gari kavu. Baada ya hapo linajaza wapi? Kama jibu ni mtoni, mmelipia milioni 6 za honi. Swali langu kwa kampuni lingekuwa hilo tu: maji ya pili yanatoka wapi na yanachukua muda gani kufika?

Tatu, maranda. Lundo la maranda ukilimwagia juu linazima usoni tu, ndani linaendelea kufuka, kesho kutwa upepo ukipiga linaamka. Lazima lifukuliwe kwa chepe huku maji yanaingia. Waulizeni kama hao vijana wanabeba machepe au mipira peke yake.

Mama_Kihesa:
Mstaafu kasema vizuri, ila hakuna aliyegusa la asiyelipa. Marekani, jimbo la Tennessee, mwaka 2010: mji wa South Fulton ulikuwa unahudumia watu wa nje ya mji kwa ada ya dola 75 kwa mwaka. Bwana mmoja hakuwa amelipa, nyumba yake ikashika moto. Zimamoto hawakutoka kumsaidia. Walifika baadaye kwa sababu jirani aliyelipa ada moto ulimkaribia, wakalinda mali ya jirani. Yule bwana akaahidi kulipa hapo hapo, wakakataa, nyumba ikaisha wanaitazama.

Sasa kwenye mkataba wenu yadi ya asiyechangia ikiwaka, dereva anafanya nini? Akizima, mwezi ujao nani atachanga? Asipozima, mbao hazina subira, zamu yako inafuata. Mkataba usiojibu hilo msiuguse.

Katibu_wa_Yadi:
Dada umenigusa penyewe. Mkataba unasema "wanachama hai". Na huku kwetu mwanachama hai ni wa mwezi wa mavuno tu.

Mwanjelwa_Original:
Mimi wa Mbeya. Mwanjelwa iliungua 2006, soko la SIDO likaungua 2017. Nenda kawaulize wafanyabiashara wa zamani kama shida ilikuwa gari peke yake. Vibanda vimebanana, banda hadi banda, moto unatembea juu ya mabati kama ngazi. Yadi zenu je? Fuso ikiingia inageuka, au inatoka kinyumenyume? Ufunguo wa geti usiku uko kwa nani? Mama lishe anayepikia mabanzi (mabaki ya mbao) jiko lake liko wapi?

Katibu_wa_Yadi:
Mkuu, Fuso inatoka kinyumenyume. Mama lishe yuko katikati ya yadi mbili, karibu na dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao. Ufunguo anao mlinzi, na mlinzi akishapata pombe yake kidogo anakuwa hapatikani.

ZM_Mstaafu:
Basi umeshajijibu nusu. Fungueni njia mbili pana za kukatisha yadi, mama lishe apewe sehemu upande wa barabarani, maranda yatoke kila wiki (wafuga kuku watayachukua bure). Simtanki kubwa nne kwenye pembe, pampu ya petroli ya inchi tatu, na vijana kumi wa mji wafundishwe. Andikeni barua kituoni, mafunzo hutolewa. Halafu ndipo mzungumze na kampuni, na bei itashuka maana kazi imepungua.

Slipa_Mbili:
Na mchango ukateni kwa mzigo, si kwa kichwa. Kila Fuso inayotoka na TP (kibali cha kusafirisha mbao) ina idadi ya mbao, haifichiki. Wenye maduka wachange kidogo, kiwango kimoja.

Mama_Kihesa:
Uwe mchango wa umoja lakini, wenye muhtasari na saini. Mkiuita ushuru mtagombana na halmashauri.

Katibu_wa_Yadi:
Nimenakili yote. Kikao ni Jumamosi, hoja ya kwanza nitaweka njia na matangi, kampuni iwe ya mwisho kwenye ajenda. Mzee wa risiti nitamkalisha karibu yangu. Swali moja limebaki: petroli ya pampu inakaa kwa nani ili isinywewe na bodaboda?

Dogo_wa_Makambako:
Kwa mama lishe. Ndiye pekee anayefika saa kumi alfajiri na hakopeshi mtu.

ZM_Mstaafu:
Petroli kwa mpika mabanzi? Dogo, wewe unataka kututia kazini tena.